Brekipedi Moja Imekwisha, Nyingine Nzima: Uliza Kwa Nini

Leo nilipanga kuzungumzia upepo wa matairi, lakini nimeuahirisha. Jana gari lililetwa gerejini kwetu na ugonjwa uleule wa siku zote: tairi la mbele kushoto linakwaruza, brekipedi ya ndani imekwisha hadi chuma kinasaga diski, ya nje bado nene. Mwenye gari ananiambia amebadilisha brekipedi mara tatu tangu mwaka uanze. Mara tatu! Na hakuna fundi hata mmoja aliyejiuliza kwa nini zinaliwa upande mmoja.

Brekipedi kuliwa upande mmoja ni dalili. Ukibadilisha brekipedi peke yake, umempangusa mgonjwa jasho ukaiacha homa.

Kwenye magari mengi madogo tunayoendesha, pistoni ya kalipa, kile kifaa kinachobana brekipedi kwenye diski, iko upande wa ndani tu. Ukikanyaga breki, pistoni inasukuma brekipedi ya ndani, kisha kalipa yenyewe inateleza kwenye pini zake na kuivuta ya nje. Pini zikikauka grisi au zikiota kutu, kalipa haitelezi, na brekipedi ya ndani ndiyo inayoliwa. Ukiachia pedeli, breki haiachii sawasawa. Nasi tunaokaa pwani, Tanga, Dar es Salaam, Mtwara, tuna hewa ya chumvi, vumbi la kiangazi na tope la masika. Pini zitaachaje kukwama?

Dawa yake si ghali. Pini zitolewe, zisafishwe, vimpira vyake vikaguliwe, zipakwe grisi maalumu ya breki. Si grisi ya beringi, si oili ya injini! Hizo huvimbisha vimpira, na baada ya muda pini zinakwama tena. Nimewasema sana vijana wa gerejini kwa hili, na nitaendelea kuwasema.

Brekipedi ikiliwa mshazari, nene huku nyembamba kule, shuku pini moja. Tairi moja likimaliza brekipedi na mwenzake bado, kagua pistoni na mpira wa mafuta ya breki. Mpira huo huziba kwa ndani, nje ukauona mzima: mafuta yanaingia kwa nguvu ya mguu wako, kurudi hayarudi.

Sasa kelele. Brekipedi nyingi zina kijibati chembamba ambacho kazi yake ni kulia zinapokaribia kuisha. Kijibati kinalia, wewe unaongeza sauti ya muziki. Wiki mbili baadaye unanunua na diski. Mvumo unaokua kadiri mwendo unavyokua ni wa beringi, si wa breki. Ukizidi unapokata kona ya kushoto, shuku tairi la kulia, maana ndilo linalobeba uzito.

Narudi kwenye breki iliyokwama, maana hiyo ndiyo inayoua. Inachoma tairi moja safari nzima, joto linapanda mpaka mafuta ya breki yanachemka, na pedeli inazama hadi chini. Hebu fikiria hilo likukute unashuka mlima Kitonga, na wewe umeweka nyutro eti unabana mafuta! Weka gia nzito, ndugu yangu. Dereva mmoja alisikia harufu ya kuungua, akasimama, akamwagia rimu maji ya baridi. Alipoletwa kwetu, diski ilikuwa imepinda na usukani unatetemeka kila akigusa breki. Ukisikia harufu hiyo, simama, acha ipoe yenyewe, na usiendelee na safari kabla fundi hajaikagua.

Jioni ukifika nyumbani, pitisha kiganja karibu na kila rimu, usiguse. Moja ikitoa joto zaidi kuliko mwenzake wa upande wa pili, kesho asubuhi nenda gereji kabla ya kwenda kazini.

Na siku ya kubadilisha brekipedi za mbele, usikubali kubadilishiwa za tairi moja tu. Kabla hujalipa, mwambie fundi akupe zote nne za zamani mkononi. Zipange chini, zitazame unene. Kama hazilingani, kazi haijaisha: mrudishe kwenye pini na pistoni, na gari lisitoke hapo mpaka sababu ipatikane.