Ukali wa Watoto Hauzaliwi na Wavulana Peke Yao



Imezoeleka kusemwa kwamba mvulana huzaliwa mgomvi na msichana huzaliwa mpole. Usemi huo wafaa upimwe kabla ya kurudiwa darasani.

Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, Albert Bandura na wenzake waliwapima watoto 72 wa shule ya chekechea, nusu yao wavulana na nusu wasichana. Baadhi walimwona mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa kwa nyundo ya mbao, akimrusha na kumkalia. Walipoachwa na mwanasesere kama huyo, waliiga pigo kwa pigo, na wavulana waliwazidi wasichana. Lau mambo yangeishia hapo, usemi ule ungeshinda.

Hayakuishia hapo. Mwaka 1965 Bandura alichapisha jaribio jingine. Safari hii watoto walitazama filamu, na wengine walimwona mpigaji akiadhibiwa. Wasichana wa kundi hilo waliiga kidogo mno. Ndipo watoto wote wakaahidiwa maji ya matunda na picha za kubandika iwapo wangeonyesha waliyoyaona. Tofauti ikakaribia kutoweka! Kumbe wasichana nao walikuwa wamejifunza. Walichozuia ni kuonyesha.

Basi mwalimu anayemcheka mvulana kwa kusukumana mstarini, kisha akamkemea msichana kwa kosa lilo hilo, hajazuia ukali. Amefundisha nani auonyeshe na nani aufiche. Na fimbo inaposhuka mgongoni mwa mwenzao, wanaotazama ni wavulana na wasichana waliokaa dawati moja.