Treni ya umeme mpaka Kindu: tuombe nini kwanza?

Mazungumzo kwenye mkutano mkuu wa shirika, Alunguli

Komite ilituomba tuzungumze juu ya sentensi moja tu. Katika barua ambayo shirika linaitayarisha kwa wakubwa wa jimbo na kwa wafadhili, ombi la kwanza limeandikwa hivi: "Reli ya Kindu iwekewe umeme." Sisi tunaomba sentensi hiyo ibadilishwe kabla barua haijapigwa muhuri.

Tunajua ombi hilo limetoka wapi. Wengi wenu mliishi Tanzania miaka mingi. Mnaijua reli ya zamani ya Kigoma, ile iliyofika ziwani mwaka 1914, na sasa kwenye simu mnaona treni mpya ya umeme inayotoka Dar es Salaam mpaka Dodoma kwa saa nne hivi, tangu 2024. Ni kitu kizuri. Mwenye kusema si kizuri ana wivu. Lakini nyuma ya ile treni kuna mambo mawili ambayo simu haionyeshi. Kuna umeme mwingi, maana bwawa la Julius Nyerere peke yake limejengwa kwa megawati 2,115. Tena kuna abiria wa kujaza mabehewa kila siku, safari baada ya safari.

Wala si lazima twende Tanzania kutafuta mfano. Sisi Wakongo tuko na treni ya umeme tangu 1952! Vijana wakisikia hivyo wanacheka, wanafikiri tunawadanganya. Ilianza upande wa Likasi na Tenke, wakati wa kampuni ya BCK, na baadaye waya ukafika Lubumbashi, Kolwezi na Kamina, karibu kilomita 858 kwa jumla. Wakati ule hata Ulaya umeme wa namna ile kwenye reli ulikuwa jambo jipya.

Kwa nini kule, huku kwetu hapana? Jibu ni shaba. Mabwawa kama Mwadingusha, lililoanza kazi mwaka 1930, yalijengwa kwa ajili ya viwanda vya madini. Umeme ulikuwepo tayari, na treni nzito za madini zilipita bila kupumzika. Lakini ukitoka Kamina kuja Kabalo, Kongolo na hapa Kindu, waya unakwisha, na lokomotivu za mazutu ndizo zinazovuta. Kutoka Kongolo mpaka Kindu peke yake ni kilomita 355 za nguzo, waya na transfoma.

Hesabu yake si ya wataalamu tu, kila mama wa sokoni anaiweza. Fikirini mama anayenunua mashini ya kusaga. Bei ya mashini ni ileile, asage beseni moja kwa mwezi ao beseni hamsini kwa siku. Akisaga hamsini, mashini inajilipa. Akisaga moja, bora angebaki na kinu. Waya wa reli ni vilevile. Gharama yake kubwa ni kuusimika na kuulinda (na waya ule ni shaba, wote tunajua shaba inakwenda wapi usiku). Faida yake inakuja treni inapopita: mazutu hayanunuliwi, lokomotivu inavuta mzigo mzito zaidi, matengenezo yanapungua. Kila treni inaleta kipande kidogo cha faida. Pasipo treni, hakuna faida, kuna nguzo tu porini.

Mwenye shaka aangalie Matadi na Kinshasa. Reli ile ni ya kilomita 366, inapita jirani kabisa na Inga, bwawa kubwa kuliko yote nchini, na mpaka leo inatumia mazutu. Kuwa karibu na umeme hakukutosha.

Basi reli yetu inataka nini? Inataka treni ifike. Mnakumbuka mwaka 2004, treni iliporudi Kindu baada ya vita. Waliokuwa hapa wanasema sokoni chumvi na sabuni zilianza kuzungumza lugha nyingine. Haikuwa ya umeme. Ilikuwa ni treni tu. Mpunga na mawese yenu vinaharibika kwa kungojea behewa, na kungojea huko hakutibiwi na waya. Kunatibiwa na mataruma yasiyooza, madaraja yaliyotengenezwa, mabehewa ya kutosha, na mafundi wanaolipwa mshahara wao. Kwenye reli mbovu, lokomotivu ya umeme inaanguka sawasawa na ile ya mazutu, tofauti ni kwamba ile ya umeme ni ghali zaidi kuinyanyua.

Sasa tuje kwa reli ya pili, maana ndiyo inayoleta kelele hapa Alunguli. Kuna mpango wa Tanzania, Burundi na Kongo wa reli mpya kutoka Uvinza kupitia Musongati, Gitega, Bujumbura na Uvira mpaka Kindu. Mpango huo ni wa kweli. Mwezi wa nane 2025 kazi ilizinduliwa Musongati. Kwa reli hiyo jibu letu ni tofauti: ikijengwa, ijengwe na umeme tangu siku ya kwanza, kwa sababu inaungana na ile ya Tanzania ambayo tayari ni ya umeme, na kusimika nguzo wakati wa kujenga ni rahisi kuliko kurudia kazi baadaye. Upana wake pia si ule wa reli yetu, 1,435 kwa 1,067 milimita. Kwa hiyo mizigo itahamishwa hapa Kindu, na hiyo ni kazi kwa watoto wetu.

Lakini kati ya Uvira na sisi kuna milima ya Itombwe, kuna misitu, kuna vita. Kipande chetu bado ni karatasi. Na tazameni ramani: reli ya zamani iko ng'ambo, tunavuka mto kuifuata. Ile mpya inatoka mashariki, yaani itafika kwanza upande huu wetu. Ndiyo maana watu wanazunguka na karatasi za viwanja "vya stesheni". Tunawasihi: makuta ya likelemba yasiguse viwanja hivyo. Mama mmoja alituuliza kama anunue kabla bei haijapanda. Tulimwambia anunue mbegu.

Neno moja juu ya umeme wenyewe. Laini kubwa ya Inga mpaka Kolwezi, ya miaka ya 1980, ina urefu wa kilomita 1,700 hivi, na vijiji vingi vilivyo chini yake vinawasha taa ya mafuta. Waya ukipita juu ya kichwa haumaanishi mwanga ndani ya nyumba. Kwa hiyo siku watu wa reli mpya watakapokuja kupima, transfoma ya Alunguli iandikwe ndani ya makubaliano, pamoja na malipo ya mashamba yatakayochukuliwa.

Hivyo sentensi tunayopendekeza ni hii: "Tunaomba treni ifike Kindu kwa tarehe zinazojulikana, na behewa la mazao ya wanamemba litengwe kila safari, umeme uanze na kituo cha afya na mashini za kusaga za Alunguli." Mambo ya reli mpya yawekwe ukurasa wa pili.

Sekretere ana nakala. Asiyesoma asomewe leo hii, kabla ya kuvuka, halafu tuinue mikono.