Kabla Hamjarudi Nyumbani: Neno la Kwaya kwa Wageni

Wanakwaya wenzetu mliotoka Bungoma, Kisumu, Tororo na hata Kampala, karibuni Busia.

Wengi mmetuuliza kama kuna cha kutazama hapa mpakani zaidi ya malori. Kipo.

Anzeni na kituo cha forodha, kilichofunguliwa rasmi na marais wa nchi zetu mbili Februari 2018. Siku hizi anayekwenda Uganda humaliza ya kutoka na ya kuingia mahali pamoja, upande wa kule. Sisi tuliopanga foleni mara mbili, kanzu za kwaya begani na mvua juu, tunalipenda jengo hilo. Kabla yake baiskeli ndizo zilizovusha watu hapa, na ndiko lilikotoka neno bodaboda. Ndugu zetu wa Malaba husema lilianzia kwao. Hatutagombana leo.

Huko Malaba itazameni stesheni. Reli ile, iliyotoka Nakuru na Eldoret, ilifika Kampala mwaka 1931.

Mwenye siku nzima aende Mumias. Askofu James Hannington alipitia huko mwaka 1885, akauawa Busoga mwezi wa Oktoba. Mifupa yake ilizikwa Namirembe mwaka 1892. Namirembe nako tumewahi kuimba, ndani ya kanisa kuu la matofali lililokamilika 1919, baada ya lile la awali kuteketea kwa radi mwaka 1910. Wenyeji walitupokea kama watoto waliorudi nyumbani, na hawakukosea: hadi 1921 Waanglikana wa pande zetu hizi walikuwa chini ya Dayosisi ya Uganda. Mpaka wa serikali ulikuwa umeshahama tangu 1902. Kanisa lilichelewa kuufuata.

Jengo la mwisho liko nyuma ya hema hili. Ni kanisa letu la zamani, lile la mabati, ambalo sasa limejaa viti vibovu na mifuko ya saruji. Humo ndimo kwaya hii ilimoanzia miaka 50 iliyopita. Ukutani, nyuma ya madhabahu, waimbaji wa kwanza waliandika majina yao kwa makaa, kila mmoja na sauti yake. Wa sauti ya nne wote wameshalala.

Kamati ya ujenzi imepanga libomolewe, magari yapate pa kuegeshwa. Kamati tunaiheshimu, na baadhi yetu ni wajumbe wake. Lakini tunaomba, mbele ya wageni hawa, mpango huo usimamishwe hadi washirika wote waulizwe. Magari yanaweza kukaa uwanjani kama leo.

Baada ya chakula tutaingia humo tuimbe wimbo mmoja. Ufunguo tumeshaupata. Wanakamati, tumewawekea viti vya mbele, vile vizima.