Mzizi Mwekundu na Ateri za Moyo



Waganga wa China wamechemsha mzizi mwekundu uitwao danshen kwa karne nyingi, wakimnywesha mgonjwa wa moyo. Mwaka 1998 watafiti wa Taiwan waliwalisha sungura chakula chenye lehemu (kolesteroli) nyingi. Waliochanganyiwa danshen walipata utando mdogo zaidi wa mafuta katika ateri zao.

Kwa nini? LDL ndiyo chembe inayobeba sehemu kubwa ya lehemu katika damu. Ikipenya ukuta wa ateri na kunasa humo, mafuta yake huoksidishwa. Chembe nyeupe za damu huimeza bila kukoma, zikashiba mafuta hadi chini ya hadubini zikaonekana kama povu. Povu hilo hurundikana miaka na miaka. Siku utando ukipasuka, damu huganda juu yake. Ateri ya moyo ikiziba, ni mshtuko wa moyo, na ikiziba ya ubongo, ni kiharusi. Danshen ina asidi ya salvianoliki B, antioksidanti inayozuia LDL isioksidishwe.

Hoja ilikamilika, na wengi tuliipenda. Kisha ikapimwa kwa watu. Katika jaribio la HOPE, lililochapishwa mwaka 2000, zaidi ya watu 9,000 wenye umri wa miaka 55 na kuendelea walipewa ama vitamini E, antioksidanti mashuhuri itokayo kwenye mimea, ama kidonge kisicho na dawa. Baada ya takriban miaka minne na nusu, vifo vya moyo na mishipa, mishtuko ya moyo na viharusi viliwapata asilimia 16.2 ya waliotumia vitamini na asilimia 15.5 ya wasiotumia. Hakukuwa na faida yoyote. Nchini Finland, beta-karotini, antioksidanti nyingine, ilikwisha kuongeza saratani ya mapafu kwa wavutaji sigara.

Sungura hujenga utando kwa wiki chache. Mtu wa miaka 60 ameujenga tangu ujanani. Kwa hiyo naona ni kosa kubwa kumwandikia mgonjwa dawa kwa ushahidi wa sungura na chupa ya maabara. Danshen yenyewe huzidisha nguvu ya warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, na wapo waliovuja damu kwa kuzichanganya.

Hata hivyo, mimea haijashindwa. Kolkisini, dawa ya kale ya jongo itokayo kwenye mmea wa kolkikamu, ilijaribiwa kwa wagonjwa 5,522 wa ateri za moyo. Matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba miligramu 0.5 kwa siku ilipunguza matukio hatari ya moyo kwa takriban asilimia 31. Nayo si kwa sababu ni antioksidanti: hutuliza uvimbe ndani ya ukuta wa ateri.

Watafiti vijana, msiishie kwenye sungura. Ipelekeni mizizi yetu kwenye majaribio ya watu, yenye kipimo kinachojulikana na kundi la kulinganisha. Nanyi mnaotumia dawa za lehemu au za kuzuia damu kuganda, msiziache kwa ajili ya mzizi wowote, na kila mnachochemsha nyumbani mwambieni daktari wenu.