Dakika Kumi Zinazokula Nusu Siku

Ndugu msikilizaji, ukisimama Kogatende, kaskazini kabisa mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, mpaka wa Kenya hauko mbali. Kutoka kiwanja cha ndege cha pale hadi Keekorok, ndani ya Masai Mara, ni kama kilomita 40 kwa mstari ulionyooka. Ndege ndogo zinazobeba watalii huruka kilomita zipatazo 300 kwa saa. Piga hesabu mwenyewe: dakika nane, tuseme kumi.

Sasa tuifuate safari yenyewe. Ndege inaipa Masai Mara mgongo na kuelekea magharibi hadi Tarime. Abiria wanashuka, mizigo inapakiwa kwenye gari, safari ya kama kilomita 20 mpaka Sirari. Hapo pasipoti zinagongwa muhuri wa kutoka Tanzania na wa kuingia Kenya. Upande wa pili, Isebania, gari tena hadi Migori, kisha ndege nyingine inayorudi mashariki kule kule walikotoka. Mtu aliyekunywa chai Kogatende asubuhi, akifika Masai Mara kabla ya chakula cha mchana amshukuru Mungu.

Kwa nini mzunguko huu? Kiwanja cha porini hakina uhamiaji wala forodha, na ndege haiwezi kuvuka mpaka bila hivyo viwili. Kwa barabara lilikuwapo lango la Bologonja, na magari yalipita. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa mahututi, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Mpaka ulifunguliwa tena 1983, lakini watalii hawakurudishiwa njia ya Bologonja. Jumuiya yenyewe ilifufuka mwaka 2000. Bologonja haikufufuka nayo, ingawa wenzetu wa Kenya wameiulizia zaidi ya mara moja.

Mimi siungi mkono lifunguliwe. Likifunguliwa, mgeni atalala Kenya, ataingia kwetu asubuhi kutazama nyumbu, na jioni atarudi alikolipia kitanda. Sisi tutabaki na vumbi. Tena kona ile ndiyo njia ya nyumbu zaidi ya milioni moja kila mwaka. Msururu wa magari hauwafai hata kidogo.

Ila tukishaamua mgeni azungukie Tarime, basi Tarime ipate kitu. Wilaya ile ina ndizi, ina kahawa, ina watu wachapakazi. Mgeni anayetua, kupakia mkoba na kuondoka hajui hata jina la mahali alipopita. Halmashauri haihitaji mfadhili kuweka kibanda safi cha kahawa ya Tarime kando ya kiwanja, na vijana wa kumweleza mgeni habari za Wakurya wakati dereva anafunga mizigo. Mtu aliyelipa dola kwa mamia hatashindwa kununua kikombe kimoja.

Na hao Wakurya wenyewe, msikilizaji, mstari wa Waingereza na Wajerumani wa 1886 uliwakata katikati. Mama wa Sirari mwenye shangazi yake Isebania huenda kumjulia hali kwa miguu, kikapu mkononi, akarudi kupika cha jioni. Watu wa ndege wakati huo bado wako njiani Migori.