Gusa Kila Kituo: Mafunzo ya Imani kwa Vijana Wanamichezo

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana wanamichezo, walimu wao na wajumbe wa kamati za parokia za Masasi na Newala)



 

Nimeombwa nizungumze juu ya imani na michezo. Ningeweza kuzungumzia soka, lakini tukianza na soka watu watagawanyika Simba na Yanga, na hatutafika kwenye Neno la Mungu. Kwa hiyo nimechagua mchezo ambao wengi wenu hamjawahi kuucheza, ili sote tukae darasani pamoja. Mchezo huo ni besiboli.

Kwa kifupi unachezwa hivi. Timu ni mbili, kila moja ina wachezaji 9 uwanjani. Mmoja hurusha mpira kwa nguvu, na mpinzani wake husimama na fimbo nene ya kuupigia. Akiupiga vizuri hukimbia kwenda kituo cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha tatu, na mwisho hurudi pale pale alipoanzia. Mahali hapo huitwa nyumbani. Pointi hupatikana mchezaji anapofika nyumbani. Wakati huo wapinzani wanaufukuzia mpira ili wamtoe kabla hajafika.

Mchezo huu una asili ya Marekani, lakini si mgeni kabisa kwetu. Katika miaka ya 2010 wataalamu kutoka Japani walianza kuufundisha katika shule za sekondari za Dar es Salaam, ikiwemo Azania. Mashindano ya taifa yakapewa jina la Koshien, ambalo ni jina la uwanja mashuhuri wa mashindano ya shule za sekondari huko Japani. Wajapani wana desturi nzuri: kabla na baada ya mchezo, timu zote mbili hujipanga mstari na kuinamiana kwa heshima. Aliyeshinda na aliyeshindwa wanasalimiana sawasawa.

Kwa nini Kanisa lijishughulishe na michezo?

Wapo wazee wanaouliza swali hili, na ni swali la haki. Jibu langu linatoka kwenye historia yetu wenyewe. Wazee wetu wa Kimakonde, Kimakua na Kiyao hawakuwafunza vijana kwa maneno matupu. Waliwapeleka jandoni na unyagoni, na huko kijana alifunzwa kwa nyimbo, kwa ngoma, kwa njaa na kwa baridi. Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Anglikana ya Masasi kuanzia mwaka 1926, aliliona jambo hilo. Hakulifuta jando, bali alilifanya liwe la Kikristo. Alitambua kwamba kijana hujifunza kwa mwili wake kabla ya kuelewa kwa akili yake.

Uwanja wa michezo ni mahali pa namna hiyo. Pale hakuna anayeweza kujificha. Mwenye hasira ataonekana, mchoyo wa pasi ataonekana, na mwaminifu naye ataonekana. Mtume Paulo hakuona haya kutumia mifano ya wakimbiaji na wapiganaji alipowaandikia Wakorintho (1 Wakorintho 9:24–27). Nasi tufuate njia hiyo. Nina mafunzo matatu.

Funzo la kwanza: Ukikosa, rudi tena

Katika besiboli, mpigaji anayefanikiwa mara 3 katika kila mara 10 anahesabiwa kuwa mchezaji hodari. Hebu fikirini. Mara 7 anarudi kukaa benchi mikono mitupu, mbele ya watu wote, na bado anaitwa hodari. Uhodari wake ni kwamba zamu yake ikifika anasimama tena bila woga.

Kitabu cha Mithali (24:16) kinatuambia kwamba mwenye haki huanguka mara saba na kuinuka tena. Biblia haisemi kwamba mwenye haki haanguki. Inasema anainuka.

Masasi yenyewe ni ushahidi. Misheni ilianzishwa hapa mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipokuja na watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar. Miaka 6 baadaye, mwaka 1882, Wangoni walioitwa Magwangwara waliishambulia, watu wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka. Kazi ikahamia Newala kwa muda, kisha ikarudi Masasi. Mwaka 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, misheni ikachomwa moto tena. Leo tumekaa hapa na kengele bado inalia. Kijana uliyekosa penalti mwaka jana, au uliyeshindwa mtihani wa kidato cha nne, tambua kwamba unakaa katika nchi ya watu walioinuka.

Funzo la pili: Kubali kutolewa ili mwenzako asonge mbele

Katika mchezo huu kuna tendo moja linaloitwa kujitoa sadaka. Mwenzako yuko kituo cha kwanza na hawezi kusogea. Wewe unaweza kupiga mpira kwa nguvu zote ili watu wakushangilie. Badala yake unaugusa kidogo tu kwa makusudi, uanguke karibu. Wapinzani wanaukimbilia na kukutoa wewe, lakini mwenzako anafika kituo cha pili. Unarudi benchi bila shangwe kubwa. Hata hivyo, katika hesabu za mchezo huo huandikiwi kwamba umekosa. Huandikiwa kwamba umetoa sadaka.

Bwana wetu alisema juu ya chembe ya ngano inayokufa ardhini ili izae (Yohana 12:24). Ninyi watoto wa wakulima mnalielewa hilo kuliko watu wa mjini.

Mfano ulio hai ni Roberto Clemente, Mkatoliki wa Puerto Rico aliyeichezea timu ya Pittsburgh Pirates ya Marekani. Septemba 1972 alifikisha mipigo 3,000, hesabu ambayo wachezaji wachache sana wamewahi kuifikia. Desemba mwaka huo tetemeko la ardhi liliibomoa Managua, mji mkuu wa Nicaragua. Clemente alikusanya misaada na kuituma. Akasikia kwamba mizigo haiwafikii waathirika, bali inaishia mikononi mwa wenye nguvu. Akaamua aende mwenyewe ili ahakikishe. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1972, ndege aliyopanda pamoja na mizigo ilianguka baharini, na mwili wake haukupatikana.

Ndugu wajumbe wa kamati, mtu huyu hakuridhika kutoa tu. Alitaka kujua kama msaada umefika. Mipira, jezi na viatu vinapoletwa katika parokia zetu, mtoto wa kijiji cha mbali ana haki ya kuviona kwa macho yake, si kusikia tu kwamba vililetwa.

Funzo la tatu: Gusa kila kituo

Hili ndilo funzo kubwa lililonileta hapa. Katika besiboli mkimbiaji hana budi kugusa kila kituo kwa mpangilio wake. Akiruka kituo kimoja, hata kama amefika nyumbani mbio na watazamaji wamesimama kumshangilia, wapinzani wakimweleza mwamuzi, pointi ile inafutwa. Mtume Paulo alimwandikia Timotheo jambo hilo hilo: mshindanaji hapewi taji asiposhindana kwa kufuata kanuni (2 Timotheo 2:5).

Sasa nizungumze wazi. Katika michezo ya vijana, kituo tunachokiruka mara nyingi ni umri.

Sikilizeni habari ya majirani zetu wa Uganda. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala iliishinda timu ya Dhahran ya Saudi Arabia na kupata nafasi ya kwenda Marekani kwenye fainali za dunia za besiboli ya watoto. Ingekuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika huko. Lakini walinyimwa viza, kwa sababu karatasi zilizohusu umri wa baadhi ya watoto hazikukubaliana. Nafasi ikaenda kwa Dhahran, wale wale waliokuwa wameshindwa. Watoto walilia, na kumbukeni kwamba si wao walioandaa karatasi zile. Ni kazi ya watu wazima.

Mwaka uliofuata, 2012, Uganda ilirudi na timu nyingine, kutoka Lugazi. Safari hii karatasi zilikubalika na watoto walisafiri. Walifungwa mechi mbili, kisha wakaishinda timu ya Gresham kutoka jimbo la Oregon, 3 kwa 2. Ule ulikuwa ushindi wa kwanza wa timu ya Afrika katika fainali zile. Walikuwa wamegusa kila kituo, na hakuna aliyeweza kuufuta.

Na hapa kwetu, mwaka 2017 vijana wetu wa Serengeti Boys walikwenda Gabon kwenye fainali za Afrika za chini ya miaka 17 baada ya Kongo-Brazzaville kuondolewa, kwa kuwa mchezaji wao mmoja hakufika kwenye kipimo cha umri. Mara ile tulifurahi, maana haki ilikuwa upande wetu. Tuipende haki hiyo hata siku itakapokuwa inatugharimu sisi.

Watoto wengi wa vijijini kwetu wamezaliwa nyumbani na hawana cheti cha kuzaliwa. Kwa hiyo mzazi au kocha anakuja kwa katibu wa parokia na kuomba cheti cha ubatizo. Wakati mwingine anaongeza kwa sauti ya chini, "Baba, tumpunguzie miaka miwili tu, anaujua mpira huyu." Linaonekana jambo dogo, tena la huruma. Lakini tazameni linavyofanya kazi. Kijana wa miaka 18 akicheza kama wa miaka 15, yupo mtoto halisi wa miaka 15 aliyebaki benchi, na yeye hakuna anayemwombea. Na kijana yule aliyepunguziwa miaka atabeba uongo ule kila aendako. Siku atakapohitaji kitambulisho cha taifa, mkopo wa masomo au pasipoti, karatasi zake zitapingana na mlango utafungwa. Zaidi ya hayo, daftari la ubatizo ni mahali tulipoandika siku mtoto huyu alipofanywa mwana wa Mungu. Tukiandika uongo humo, tumemfundisha kwamba hata Kanisa hudanganya kukiwa na kombe la kushindaniwa.

Anayekuwa mwaminifu katika jambo dogo huwa mwaminifu katika kubwa. Hayo ni maneno ya Bwana wetu katika Injili ya Luka (16:10), na miaka miwili ya kijana mmoja ni jambo dogo la namna hiyo.

Tufanye nini?

Kwa kuhitimisha, naziomba kamati za parokia mambo matatu.

Kwanza, umri wa kijana uandikwe kama ulivyo kwenye daftari, na asiyekuwa na kumbukumbu asaidiwe kufuata utaratibu wa serikali wa kupata cheti. Kazi hiyo ifanyike mapema, isingoje wiki ya mashindano.

Pili, vifaa vinavyopokelewa na fedha zinazotumika vitangazwe kanisani na kubandikwa ubaoni, ili mwenye swali aulize.

Tatu, mazoezi yapangwe kwa kufuata maisha ya watu. Msimu wa korosho vijana wengi wako mashambani na minadani. Na pale maji yanapokuwa ya shida, binti wa Newala hawezi kufika mazoezini kabla ya kuteka maji. Tusimwite mvivu. Tupange saa anayoweza kufika, na nduguze wa kiume wabebe ndoo pia. Hiyo nayo ni sadaka ya mchezo.

Wafadhili wetu, tunawashukuru kwa moyo wa dhati. Tunawaomba msitupime kwa makombe peke yake. Timu inayofungwa ikiwa na vijana wa umri wa kweli imeleta matunda zaidi ya timu inayoshinda kwa karatasi za kughushi. Mkiona taarifa yetu ina ushindi mchache, ulizeni kwanza kama vijana wamekua katika tabia na imani.

Nanyi vijana wangu, chezeni kwa bidii. Mkikosa, rudini. Mwenzenu akikwama, msogezeni hata kama sifa haitakuwa yenu. Na katika mbio hizi za imani msiruke kituo chochote, maana Baba anayetungoja nyumbani anaijua tarehe yetu ya kuzaliwa.