Mhakiki wa Filamu Ametokea Wapi? Mada kwa Waandishi Vijana wa Shinyanga na Geita



Mwaka 2004 Hubert Sauper, mtengenezaji filamu kutoka Austria, alitoa Darwin's Nightmare, filamu ya makala kuhusu biashara ya sangara Mwanza. Geita ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Mwanza, kwa hiyo filamu ile ilituhusu moja kwa moja. Ufaransa iliitunuku tuzo ya César, na huko Marekani iliteuliwa kuwania Oscar. Huku kwetu, mwaka 2006, Rais Kikwete aliilaumu hadharani na wakazi wa Mwanza wakaandamana kuipinga.

Tutazame jambo moja tu humo ndani: mapanki. Minofu ikishachukuliwa kiwandani kwenda ng'ambo, vichwa na mifupa ya sangara huanikwa, hukaangwa, huuzwa. Kamera inakaa muda mrefu kwenye funza na tope. Mtu aliyezoea kumwona sangara akiwa minofu kwenye duka la Paris ni rahisi aone takataka zinazolishwa maskini, basi. Aliyekulia Kanda ya Ziwa anajua kwamba mapanki yana bei, yana wateja, na yapo majiko ya mapanki yaliyosomesha watoto. Anaona dhiki, na anaona kazi pia. Uhakiki wake una kitu ambacho yule wa Paris hawezi kukipata kwa kusoma.

Lakini asili hiyo hiyo inaweza kumfumba macho. Hasira ya kuchafuliwa jina ilikuwa kubwa kiasi kwamba swali zito la filamu lilipotea: kwa nini mkoa unaosafirisha minofu ubaki na mifupa? Kwangu mimi swali hilo lilikuwa halali, hata kama aliyeliuliza alitujua nusunusu.

Mwandishi Mmarekani James Baldwin alilikabili suala hili la asili ya mhakiki waziwazi katika kitabu chake The Devil Finds Work cha mwaka 1976. Anaeleza jinsi, akiwa mtoto wa Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York, alivyomwona mwigizaji Bette Davis kwenye skrini, akashangaa kuona macho ya kutokeza kama yake, macho ambayo nyumbani baba yake aliyakejeli. Anaeleza pia filamu ya The Defiant Ones ya mwaka 1958, pale mwigizaji mweusi Sidney Poitier anaporuka kutoka kwenye treni ili asimwache mfungwa mwenzake mzungu. Watazamaji weupe walishangilia. Wa Harlem walimpigia kelele arudi kwenye treni. Baldwin hakuficha kwamba yeye alitoka upande wa Harlem, na hilo ndilo linaloupa uhakiki wake nguvu.

Hata hivyo, kusema tu "mimi ni wa Geita" hakutoshi. Ikija filamu kuhusu wachimbaji wadogo, aliyefanya kazi kwenye mgodi mkubwa atatafuta kofia ngumu na buti. Aliyekulia karibu na karasha, mtambo wa kusaga mawe ya dhahabu, atauliza kuhusu marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kuoshwa, maana anajua mara nyingi hubaki kwa mwenye karasha, na dhahabu bado imo. Mama anayeponda mawe atauliza mbona wanawake wanaonekana wakipika tu. Wote ni wa hapa, na kila mmoja ana filamu yake.

Pagumu zaidi ni filamu ya White Shadow ya Noaz Deshe, ya mwaka 2013, inayomfuata Alias, kijana mwenye ualbino ambaye baba yake ameuawa. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliitikisa kanda yetu kuanzia miaka ya 2007 na 2008. Najua tunavyovutwa kuandika kwamba mgeni anatuchafua. Naomba tusianzie hapo. Uhakiki ambao ningeutafuta kwanza ni wa kijana mwenye ualbino aliyelelewa katika kituo cha Buhangija, hapa hapa Shinyanga: kamera inamsogeleaje Alias? Inamtazama kama mtu au kama ajabu?

Mhakiki halazimiki kutoa wasifu wake. Sentensi moja inatosha, iwekwe pale hukumu inapotegemea alikotoka. Katika kipindi cha mchana tutaangalia dakika chache za mapanki, kisha kila mmoja ataandika aya mbili: alichokiona, na nani katika familia yake angekiona tofauti. Tutasomeana.